Mvulana wa Kumi na Mbili

Bibi Sanobar alikuwa akisema kwamba Bukhara ina mamufti wengi kuliko punda, na kwamba punda, walau, hubeba kuni. Aliyasema hayo wazi, penye hodhi la mtaa, mbele ya wanawake waliokuja kuteka maji na mbele ya wanafunzi wa madrasa waliojifanya hawasikii. Mkwewe, Tursunoy, alimvuta mkono wa joho.

"Mama, twende. Watu wanasikia."

"Ndiyo maana nasema. Ningetaka wasisikie, ningesemea ndani ya mtungi."

Tursunoy hakuwa mtu wa maneno. Tangu usichana wake alijulikana kama yule binti anayejibu kwa kichwa. Akitoka nje alifunika uso kwa wavu wa singa za farasi kama wanawake wote wa mjini, na yeye wavu ule aliupenda kuliko wenzake, kwa sababu nyuma yake mtu anaweza kuona haya asionekane. Lakini alikuwa na shida moja ambayo kunyamaza hakukuisaidia kitu. Alikuwa mke wa mtu asiyekuwepo.

Mumewe Bekmurod alikuwa mshona magodoro, mpole kiasi kwamba hata paka wa jirani walimwonea. Miaka kumi na minne iliyopita maofisa wa Khani, mtawala wa nchi, walipita mtaani wakihesabu wanaume wa kwenda vitani Khurasani, naye akahesabiwa. Jeshi lilirudi na mazulia, vyombo vya shaba na mashairi ya ushindi. Bekmurod hakurudi. Mtu mmoja alisema alimwona na mshale shingoni. Wa pili alisema alimwona Herati akiuza matikiti. Wa tatu alisema ameviona vyote viwili, na huyo alikuwa amelewa. Maiti haikuonekana, kaburi halikujulikana, na shahidi wa kuaminika hakupatikana.

Wauzbeki wa nyikani, waliokuja na akina Khani, walikuwa na desturi yao: mtu akipotea, ndugu yake humchukua mke. Lakini Bekmurod hakuwa na ndugu, na mjini mambo hayo yaliamuliwa kwa fiqhi. Basi Tursunoy, aliyeolewa na miaka kumi na minane na kuachwa na ishirini, alikaa na mama mkwe katika nyumba ya vyumba viwili, akidarizi mapazia ya maharusi wa watu wengine. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne.

Ergash, mtengeneza matandiko ya farasi, alimposa kwa adabu kupitia dada yake. Alikuwa mjane, hana uzuri wa kusimuliwa, na sikio lake moja lilikuwa limeliwa na baridi. Lakini alimsalimia Bibi Sanobar kila asubuhi na hakuwahi kumpunja ngozi mteja. Dada yake alikuja mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Tursunoy, mwenzangu, mimi nakupenda, lakini kaka yangu ana watoto wawili wanaokula mkate mkavu. Yeye anasema atangoja. Mimi nasema, angoje nini? Eda tungengoja, eda ina mwisho. Hili lako lina mwisho? Masika yakifika bila jibu, kule Vobkent kuna mwanamke nimekwisha mwona."

Masika yalikuwa yamebakiza majuma matano.

Kilichomfunga Tursunoy kilikuwa kipande cha karatasi chembamba, kirefu kama mkanda. Alikipata miaka sita nyuma kwa Mufti Sharofiddin, aliyekuwa akitoa fatwa kwenye kibaraza cha madrasa, ameketi juu ya mito mitatu, na kando yake sahani ya lozi. Kwa kawaida ya Bukhara, mwandishi huandika swali lote, na mufti hujibu chini kwa neno moja au mawili na kugonga muhuri. Swali lilikuwa: mwanamke ambaye mumewe ametoweka, hajulikani yu hai au amekufa, aweza kuolewa?

Mufti aliandika, "Hapana." Akatafuna lozi.

Tursunoy alikuwa amejizoeza maneno yake siku nne, kuanzia lile "taksiri" waitwalo wanachuoni kwa heshima. "Taksiri, nimesikia Imamu Malik wa Madina alisema miaka minne inatosha."

"Umesikia wapi? Jikoni?" Mufti aliwageukia wanafunzi wake ili wacheke, nao wakacheka. "Basi nenda Madina ukaolewe huko. Hapa tunamfuata Imamu Abu Hanifa. Mke wa aliyetoweka hungoja mpaka watu wa rika la mumewe wafe wote. Wakiisha wote, ndipo naye huhesabiwa amekufa."

"Wapo wanaosema miaka tisini tangu azaliwe," mwanafunzi mmoja alithubutu.

"Kauli dhaifu! Anayeishika hajui fiqhi. Nitaliandika hilo pia, mtu asije kuniletea siku moja." Na akaliandika.

"Na wenzake wa rika ni akina nani, taksiri?" Tursunoy aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka mwandishi akamwambia arudie.

Mufti Sharofiddin alicheka mpaka lozi zikaruka. "Wanawake hawa! Waliotahiriwa naye, bibi. Kamwulize kinyozi." Kisha, kwa kuwa mzaha ule ulimpendeza, akauandika nao, kwa Kiarabu kizuri: wenzake wa rika ni wale waliotahiriwa pamoja naye siku moja. Akagonga muhuri.

Siku ile Bibi Sanobar aliishika karatasi, akaiangalia juu na chini ingawa hakujua kusoma, akasema, "Amekupa kaburi, mwanangu, na amekuambia uchimbe kwa kijiko."

Lakini Tursunoy alimwuliza kinyozi kweli. Fundi Hamro ndiye aliyekuwa ngariba wa mtaa tangu enzi za babu wa Khani huyu, na alikumbuka kila wembe. Katika mwaka wa theluji kuu, alisema, tajiri mmoja alimfanyia mwanawe sherehe, akawaalika na watoto wa majirani wenye miaka saba kama mwanawe. Walikatwa wavulana kumi na wawili siku moja. Akawataja kwa majina, mmoja mmoja, na Tursunoy akayaweka moyoni. Bekmurod alikuwa wa tano. Wakati ule, kati ya wale kumi na mmoja wengine, watano walikuwa bado hai.

Halafu wakaanza kufa. Mmoja aliondoka na tauni. Mmoja aliporomokewa na ukuta wa bustani. Wawili waliitwa vitani mara ya pili, na safari hii maiti zao zilirudi. Kila habari ilipofika, moyo wa Tursunoy uliruka kabla yeye hajauzuia, na usiku alimwomba Mungu msamaha akiwa na uso uliowaka moto. Alikwenda kwenye kila tanga na kusaidia kuosha masufuria. Bibi Sanobar alisema, "Tusipunguze kwenda. Tukipunguza watatuita wachawi."

Sasa walikuwa wamekwisha kumi. Alibaki mmoja. Na huyo mmoja alikuwa mtoto wa muuza karatasi, aitwaye Sharofiddin, ambaye siku ya theluji kuu, kwa maneno ya Bibi Sanobar aliyekuwepo akikaanga nyama, alilia kwa sauti kuliko wenzake wote wakiwekwa pamoja, na kumwuma ngariba kidole.

"Yule yule," alisema Bibi Sanobar. "Miaka sita anakufungia mlango, na kitasa ni yeye mwenyewe. Na nakwambia hajui. Hajitazami. Mtu anayepaka ndevu wanja kila Alhamisi husahau alizaliwa lini."

"Ana afya, mama. Anaweza kuishi miaka thelathini."

"Ataishi arobaini. Watu wa namna ile hawafi, hukauka tu."

Hapo ndipo shauri lingekwama, lau si kazi ya mikono ya Tursunoy. Majira yale ya baridi alikuwa akidarizi pazia kubwa la arusi nyumbani kwa Haji Olimjon, mfanyabiashara wa hariri, ambaye binti yake Nozima, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa akiolewa. Mama wa bibi arusi aliketi na washonaji akigawa zabibu kavu na sifa za mkwe.

"Ni mwanachuoni, na bado kijana. Miaka thelathini na minane! Ndevu hazina hata unywele mmoja mweupe. Mume wangu alimwuliza uso kwa uso, akaapa kwa elimu yake. Haji alisema wazi: mtu aliyenipita umri simpi mwanangu, na mimi nina arobaini na mitano."

"Ni nani, bibi?" aliuliza mshonaji mmoja.

"Mufti Sharofiddin."

Sindano ya Tursunoy ilimchoma kidole. Alilifuta lile tone la damu haraka, lisiguse kitambaa.

Aliporudi nyumbani alimweleza mama mkwe, naye Bibi Sanobar alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaacha kucheka, akafikiri. "Basi ni rahisi. Nenda kwa kadhi na wafu wako kumi. Mzee wa mtaa na imamu watashuhudia vifo. Huyo aliyebaki usimtaje. Nani atamtaja? Wote wanamwogopa."

Tursunoy alitikisa kichwa.

"Kwa nini?"

"Nikimficha, mama, siku yoyote anaweza kusema, 'Mimi nipo.' Hukumu itavunjika. Na mimi nitakuwa kwa Ergash, labda nina mtoto. Nitakuwa nani?" Kisha akasema neno refu kuliko yote aliyosema mwaka ule. "Lazima aulizwe. Lazima akatae mwenyewe kwa kinywa chake, mbele ya kadhi, iandikwe. Na atakataa, kama baba wa Nozima atakuwa ameketi pale."

Bibi Sanobar alimtazama mkwewe kama mtu aliyekuta mbwa mwitu ndani ya zizi la kondoo na akampenda. "Na asipokataa?"

"Basi nitangoja afe."

Mkataba wa ndoa ya mufti ulikuwa uandikwe kwa Kadhi Inoyatulla siku ya Jumatatu, kwa mahari waliyopatana. Tursunoy aliomba kesi yake isikilizwe Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya mambo ya ndoa. Mwandishi wa kadhi hakuona ubaya.

Kibaraza cha kadhi kilikuwa na nguzo za mbao na zulia lililochakaa mahali watu wanapopiga magoti. Kadhi Inoyatulla alikuwa mzee mnene mwenye kikohozi, macho yake kama ya mtu anayesinzia. Kulia kwake aliketi Mufti Sharofiddin katika joho jipya la hariri, ndevu nyeusi zinang'aa kama lami, uso wa mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake. Kushoto aliketi Haji Olimjon na tasbihi yake. Mzee wa mtaa na imamu walikuwa mbele, wameshika kofia. Mlangoni palijaa watu, kwa kuwa arusi ya mufti ni jambo la kutazama, na kati yao alisimama Fundi Hamro kinyozi, mkononi ana sambusa.

Kesi ikasomwa. Mufti aliposikia jina la Tursunoy alitabasamu. "Huyu namjua. Ndiye yule wa Madina."

Watu wakacheka. Tursunoy alishukuru wavu wake.

Mzee wa mtaa na imamu wakatoa ushahidi juu ya vifo, kimoja kimoja: saba vitani, wawili tauni, mmoja ukuta. Kadhi aliukubali. Akakohoa, akaichukua ile karatasi ndefu ya fatwa, akaisoma polepole akisogeza kidole.

"Mufti Sharofiddin, muhuri huu ni wako?"

"Ni wangu, na kila neno ni la kutegemewa. Mpaka rika lote liishe."

"Vizuri. Kumi wamekufa." Kadhi alimgeukia Tursunoy. "Bibi, katika waliotahiriwa na mumeo, amesalia yeyote?"

Mzee wa mtaa alianza kuchunguza kofia yake. Imamu akatazama dari. Nyuma ya Tursunoy, Bibi Sanobar alimfinya kiunoni, si kidogo.

"Amesalia mmoja, taksiri."

"Sema kwa sauti."

"Amesalia mmoja. Walikuwa kumi na wawili. Wa kumi na mbili ni Sharofiddin mtoto wa muuza karatasi." Akaelekeza kwa kichwa. "Ameketi hapo kulia kwako."

Mufti alicheka peke yake, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Kisha akatazama kushoto. Tasbihi ya Haji Olimjon ilikuwa imesimama.

"Huyu mwanamke ana wazimu," mufti alisema.

"Ni mwaka wa theluji kuu," kadhi alisema kwa upole, akitazama hati ya madai. "Miaka arobaini na mitatu sasa. Walikuwa na miaka saba. Mtoto huyo leo angekuwa na hamsini."

"Hamsini!" Mufti alisimama nusu, akakumbuka heshima yake, akaketi. "Mimi nina miaka thelathini na minane! Mwaka wa theluji kuu sikuwa hata tumboni mwa mama yangu! Kila mtu anajua!"

"Mimi sijui," kadhi alisema. "Mimi nilikuja hapa kutoka Karshi. Bibi, una shahidi?"

"Mimi nipo!" sauti ilitoka mlangoni. Fundi Hamro alikuwa akisukuma watu kwa kiwiko. "Nilimkata mimi mwenyewe! Na aliniuma! Taksiri, tazama kidole hiki. Katika kumi na wawili ni yeye peke yake aliyeuma!"

Kibaraza kizima kiliangua kicheko. Mufti Sharofiddin alikuwa mwekundu mpaka ndani ya masikio, lakini sasa alikuwa amefika uwanja wake. Fiqhi aliijua.

"Ushahidi wa mtu huyu haukubaliki," alisema, akinyoosha kidole. "Moja: yu peke yake, na sheria inataka wawili. Pili: si mwadilifu. Anakula akitembea sokoni, na wanachuoni wamekwisha sema, anayekula njiani hana staha, na asiye na staha hashuhudii. Mwangalieni! Hata sasa ana sambusa!"

"Ni sambusa moja!" Fundi Hamro alilalamika.

"Jana zilikuwa mbili!"

"Wewe uliniona wapi kama hukuwa sokoni?"

"Kimya," kadhi alisema, akakohoa kwa muda mrefu kidogo kuliko kikohozi kinavyohitaji. "Mufti ana haki. Kinyozi ni mmoja, na staha yake ina kasoro. Kwa hiyo, Mufti Sharofiddin, unakanusha kwamba ulitahiriwa pamoja na Bekmurod?"

"Nakanusha."

"Wewe si wa rika lake?"

"Mimi wa rika lake? Mimi ningeweza kuwa mwanawe!" Na hapo alimtazama Haji Olimjon, akatabasamu kama kijana.

"Bibi, huna shahidi mwingine. Sheria inakupa haki moja iliyobaki: aliyekanusha aweza kuapishwa, ukitaka. Tuulete Msahafu?"

Bibi Sanobar alimnong'oneza, pumzi zake zina moto, "Mwapishe! Mwapishe aungue!"

Tursunoy alimwona mufti akishika goti lake kwa vidole vitano. Alijua kwamba hata mtu wa namna ile, mkono ukiwa juu ya Msahafu, angeweza kuogopa na kusema kweli. Na kweli hiyo ingemla yeye Tursunoy.

"Sitaki aape, taksiri," alisema, na safari hii hakuna aliyemwambia arudie. "Mimi ni mwanamke wa jikoni. Yeye ni mufti. Nilisema nilichokijua, yeye amekikataa. Neno lake linanitosha."

Macho ya Kadhi Inoyatulla yalifunguka yote, mara moja tu, kisha yakarudi kusinzia. "Mirza, andika," alimwambia mwandishi wake. "Mufti Sharofiddin amekana kuwa wa rika la Bekmurod, na amesema kwa kinywa chake kwamba ana miaka thelathini na minane. Ukanushaji umepokewa. Umeandika? Soma. Mufti, gonga muhuri."

Mufti aligonga. Aligonga kwa nguvu, kama mtu aliyeshinda.

"Sasa andika hivi," kadhi aliendelea. "Kwa kuwa vifo vya kumi vimethibiti, na kwa kuwa hakuna mwingine wa rika aliyethibiti kuwa hai, basi kwa fatwa ya Mufti Sharofiddin mwenyewe, Bekmurod amehesabiwa kuwa amekufa tangu leo. Mkewe atakaa eda miezi minne na siku kumi. Baada ya hapo yu huru."

Ilichukua muda. Uliweza kuona neno likisafiri kutoka masikioni mwa mufti kwenda mahali linapoeleweka, kama tone la maji linaloshuka ukutani.

"Subiri," alisema. "Subiri, taksiri. Kuna kauli nyingine. Ipo kauli inayosema miaka tisini tangu kuzaliwa kwa..."

Kadhi aliinua karatasi ndefu. "'Kauli dhaifu,'" alisoma. "'Anayeishika hajui fiqhi.' Muhuri huu ulisema ni wako?"

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Ilikuwa mbaya zaidi kuliko kicheko. Wanafunzi wa madrasa waliokuwa mlangoni walijifunika midomo kwa mikono ya majoho, wale wale waliocheka miaka sita iliyopita kwa kuamriwa.

"Naam," kadhi alisema, "tumalize na ndoa. Haji Olimjon?"

Haji Olimjon hakuwa akimtazama mufti. Alikuwa akimtazama kinyozi, na kidole cha kinyozi. "Taksiri," alisema taratibu, "leo nimechoka. Na bwana arusi ni kijana bado, kama alivyosema. Kijana hana haraka. Tuahirishe mpaka makomamanga yaive." Akasimama, akasalimu, akatoka. Nje alisikika akimwuliza Fundi Hamro kama ana nafasi ya kumnyoa kichwa, na kama kunyoa huko kunaweza kuchukua muda wa kutosha kwa mazungumzo.

Makomamanga yaliiva mwaka ule kama kila mwaka. Mkataba haukuandikwa. Mufti Sharofiddin alibaki na joho lake na miaka yake thelathini na minane yenye muhuri.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya Jumatatu wanawake wawili walirudi nyumbani kwa njia ya mfereji, na Bibi Sanobar alicheka njia nzima. Aliigiza mufti anavyosimama nusu, akaigiza kinyozi na sambusa, akawasimamisha majirani watatu kuwaeleza. "'Neno lake linanitosha!' Wee Tursunoy! Umemkausha bila kumgusa!"

Walipofika mlangoni alinyoosha mkono kuusukuma mlango, akauacha mkono pale. Akakaa kwenye kizingiti.

"Kwa hiyo amekufa," alisema.

"Amekufa, mama."

"Leo."

"Leo, mama."

"Kwa miaka kumi na minne kila Alhamisi nilitaka kupika halua kwa ajili ya roho yake, nikaogopa. Nilisema, nikimpikia halua na yuko hai, nitakuwa nimemuua mimi." Uso wake, uliokuwa wa mzaha tangu asubuhi, ulianza kulegea kama mkate uliotoka tanurini kabla ya wakati. "Alikuwa anaogopa panya. Mwanangu. Wakampa mkuki, mtu anayeogopa panya."

Tursunoy aliinua wavu wake juu, pale pale barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akapiga magoti, akamshika. Hakulia kwa kumkumbuka sana Bekmurod, kwa sababu ilikuwa miaka miwili tu na alikuwa amesahau sauti yake. Alilia kwa sababu sasa aliruhusiwa.

Walitoa sandukuni nguo za buluu za msiba, zile Bibi Sanobar alizovaa kwa ajili ya mumewe, na nyingine wakaziazima. Kufikia alasiri majirani walikuwa wamejaa uani. Sufuria kubwa ya pilau iliwekwa motoni, na halua ya unga wa ngano ikakorogwa mpaka mkono wa mkorogaji ukauma. Wanaume waliketi upande wa nje, wanawake ndani, na imamu, aliyekuwa ametazama dari asubuhi, alisoma sasa bila kutazama popote.

Ergash alikuja na wanaume wengine. Aliketi mwisho kabisa, karibu na viatu, akasoma dua, akala, akafuta mikono. Hakutazama pazia la wanawake hata mara moja. Alipoondoka alimwambia Bibi Sanobar kupitia mlangoni, kama jirani yeyote, "Mungu amrehemu mwanao, mama. Alinishonea godoro zuri."

Bibi Sanobar alirudi ndani, macho yamevimba, akaketi kando ya mkwewe. Akampitishia sahani.

"Kula. Siku mia na thelathini, nimekwisha zihesabu." Akajipangusa pua kwa ncha ya mtandio. "Huyo mtu wa matandiko amekula sahani mbili katika msiba wa mwanangu. Ana tumbo zuri. Mtu asiyekula kwenye tanga, mimi simwamini." Kisha akaanza kulia tena, na Tursunoy akaiweka sahani chini, akalia naye.